Kiti Nyuma ya Kioo

Msomaji, tulipoachana wiki iliyopita Mama Cherehani alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kioo, mkono kwenye kitasa, macho yameganda juu ya meza ya meneja wa benki. Hakuwa akikitazama kikombe cha chai. Wala hakuwa akimtazama Pamba, aliyekuwa mwanafunzi wake wa ushonaji, ambaye sasa alikuwa amejimwaga kwenye kiti cha ngozi na kukunja nne. Alikuwa akiutazama ufunguo uliolala katikati ya meza ile.

Ufunguo wenye uzi mwekundu.

Uzi ule aliufunga yeye, kwa mikono yake. Ulikuwa ufunguo wa chumba chake cha kushonea!

Na chumba hicho, kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita, kinauzwa leo. Mwenye nyumba amezeeka, anataka kuhamia kwa wanawe, na amewapa wanawake wote wawili neno moja: atakayemfikia kwanza na malipo kamili kabla ya saa kumi alasiri, chumba ni chake. Akiba yote ya Mama Cherehani imo ndani ya benki hii. Pamba naye amekuja kuomba mkopo katika benki hii hii. Mmoja amekaa kwenye benchi la mbao tangu asubuhi. Mwingine amekaa nyuma ya kioo.

Mama Cherehani akausukuma mlango.

"Mama! Wewe mama! Unakwenda wapi?" Mlinzi alimkimbilia huku akivuta mkanda wa suruali yake.

"Ndani."

"Ndani kwa nani?"

"Kwenye benki yangu."

"Humo ni mwa wateja maalumu."

"Na mimi ni mteja gani? Wa kuazimwa?"

"Muulize vizuri, wifi!" ilipaa sauti kutoka kwenye benchi. "Muulize huo umaalumu unauzwa dirisha gani, na sisi tukapange foleni!"

Watu walicheka. Aliyesema ni dada wa mume wa Mama Cherehani, muuza mkaa, mwanamke mwenye mdomo usiolala. Alikuwa amekuja kumsindikiza wifi yake tu, kwani yeye mwenyewe hakuwahi kuweka hata senti moja benki. Mtaani walisema fedha zake hulala pamoja na mkaa wake.

Ndani ya kioo, Pamba aliinuka. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililomkaa kama limemwagwa juu yake. Jina hilo la Pamba alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta hajapendeza.

"Shikamoo, mama," alisema, akikunja magoti kidogo.

Salamu ile ilikuwa na adabu zote, na hapo ndipo ilipochoma. Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama. Mama Cherehani angeweza kukataa chochote siku ile, lakini mtu mzima hakatai shikamoo. Aliimeza hasira yake, ikashuka kwa shida.

"Marahaba."

"Karibu, mama. Karibu ndani."

Karibu! Anamkaribisha! Pamba, ambaye aliingia chumbani kwake akiwa hajui kupitisha uzi kwenye sindano, leo anamkaribisha katika benki ambayo Mama Cherehani alifungua akaunti wakati binti huyu angali akipangusa kamasi kwa mkono wa gauni!

Meneja hakuinuka. Alitabasamu kwa meno peke yake.

"Mama, una namba?"

Mama Cherehani alikunjua kiganja. Kile kikaratasi cha foleni kilikuwa kimelowa jasho.

"Hii imekwishapita, mama. Chukua nyingine."

"Imepita nikiwa nimesimama hapa hapa!"

"Ndiyo utaratibu, mama. Chukua nyingine."

Mlango ukafungwa kabla hajauulizia ufunguo. Mlango wa kioo una ubaya wake: unafungwa usoni pako, na bado unaona wanavyocheka ndani.

*

"Wifi, umekuwa kama mwanamke aliyekwenda harusini akamkuta bwana harusi ni mumewe," alisema muuza mkaa, akijisogeza kumpisha.

"Usinichekeshe. Sina moyo wa kucheka."

"Sikuchekeshi. Benki imeoa mke wa pili, nawe hukuarifiwa. Wenzako hupewa hata kanga ya kuwapoza. Wewe umepewa namba."

Neno lile lilimpiga Mama Cherehani penyewe. Wivu alioufahamu maishani mwake haukuwahi kuwa mkali hivi. Mume wake aliwahi kusifu mapishi ya jirani, naye alinuna siku mbili yakaisha. Lakini huu wa leo ulikuwa umemkaa kifuani kama pasi ya moto. Kila Pamba alipokiinua kile kikombe, yeye aliona kikombe chake. Kila meneja alipoinamisha kichwa kumsikiliza Pamba, yeye aliona kichwa kilichopaswa kuinamishwa kwake.

Maana benki hii, msomaji, ilimpenda yeye kwanza.

Wakati ule ukumbi ulikuwa na madirisha matano, na yote yalikuwa na watu. Dirisha la mwisho alikaa karani mmoja aliyeitwa Mzee Wino. Mama Cherehani alikuwa bado hajajifunza kusoma wala kuandika. Akaunti yake ilifunguliwa kwa dole gumba, na kila alipohitaji fedha ilimlazimu kuweka dole. Wengine wangemwonea haya. Mzee Wino hakumwonea. Akimwona mlangoni tu, angesimama, avute kiti chake mwenyewe, akizungushe hadi upande wa wateja, na aseme maneno yale yale kila mara:

"Karibu kiti, Mama Cherehani."

Kisha angefungua kibati cha wino na kulishika lile dole kwa upole, kama daktari ashikavyo mkono wa mtoto. Wakimaliza, angetoa kitambaa chenye unyevu na kulifuta mwenyewe. Siku zote, kitambaa safi.

Mambo hayakubadilika kwa kishindo. Kwanza kiti kilirudi ndani na hakikutoka tena. Halafu dirisha moja likafungwa, "kwa muda". Halafu la pili. Kukaja mashine ya kutoa namba, na pamoja nayo makarani vijana waliojua kusema "anayefuata" bila kuinua macho. Kibati cha wino kikatupwa. Siku moja Mama Cherehani alimuulizia Mzee Wino, akaambiwa alikwisha kustaafu na kuhamia mbali. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia mapema. Na pale palipokuwa na dirisha la Mzee Wino, wakajenga chumba cha kioo.

"Hivi, wifi," muuza mkaa alimkatisha mawazo, "yule mwenye nyumba anataka malipo yatoke benki, au hata mkononi anapokea?"

"Fedha ni fedha. Mzee wa watu atazikataa kwa lipi?"

"Na amesema kabla ya saa kumi?"

"Si nimekwambia tangu jana? Mbona unaniuliza uliza?"

"Naulizia tu." Muuza mkaa alisimama, akakung'uta nguo yake. "Hewa ya humu imeniishia. Ngoja nikapunge upepo."

Akatoka. Mama Cherehani hakumtazama. Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye kioo.

*

Namba yake mpya iliitwa saa tisa ikiwa imekwisha kupita.

Dirisha lililokuwa wazi lilikuwa moja. Karani wake alikuwa msichana mwenye kucha ndefu, waya wa kusikilizia muziki umening'inia sikioni.

"Shida yako?"

"Ninataka hundi ya benki. Akiba yangu yote iandikwe kwa jina la mwenye nyumba wangu."

"Weka dole."

Mama Cherehani aliliweka dole gumba la mkono wa kulia juu ya kile kimashine kipya. Kikawaka taa nyekundu.

"Pangusa kidole, uweke tena."

Akapangusa. Taa nyekundu.

"Bonyeza kwa nguvu."

Akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Nyekundu.

Karani aliuvuta mkono wake, akaugeuza kwenye mwanga, akaguna. "Mama, wewe huna alama. Dole lako ni kipande cha sabuni."

Ilikuwa kweli. Mtu anayesukuma kitambaa kigumu chini ya sindano kila siku, akipima joto la pasi kwa dole lile lile, akilichoma sindano na kulichoma tena, hatimaye mistari yote ya ngozi hufutika. Dole lake lilikuwa laini na jeupe, halina alama yoyote. Kazi ilikuwa imeila sura yake.

"Sina neno," alisema Mama Cherehani, na hapa alijiinua kidogo, kwa sababu kwa miezi mingi alikuwa ameingojea nafasi hii. "Siku hizi sihitaji dole. Nimesoma darasa la watu wazima. Nipe kalamu, niweke saini."

Saini hiyo aliifanyia mazoezi kwa chaki ya fundi juu ya mabaki ya vitambaa mpaka mumewe akamwambia nyumba nzima imejaa jina lake. Aliiandika sasa juu ya karatasi ya karani, herufi kwa herufi, imesimama wima. Ilikuwa nzuri.

Karani hakuitazama.

"Akaunti yako ni ya dole. Saini haitambuliki."

"Basi ibadilisheni iwe ya saini."

"Inawezekana. Ni dakika chache tu."

"Sawa, mwanangu. Badilisha."

"Ili nibadilishe, lazima kwanza mashine ikutambue. Weka dole."

Mama Cherehani alimtazama. Alisubiri kuona kama binti yule angelicheka mwenyewe neno alilolisema. Hakucheka.

"Mwanangu, dole ndilo lililokataa."

"Ndiyo, mama. Likikubali, tutabadilisha, halafu hutalihitaji tena."

"Lakini likikubali, nitakuwa nabadilisha kwa nini?"

"Mama, nyuma yako kuna watu." Karani alirudisha waya sikioni. "Nenda nyumbani, ulipake mafuta, ulipumzishe. Usishone. Baada ya wiki mbili alama zitaota. Anayefuata!"

"Chumba changu kinauzwa leo! Saa hizi! Nataka kuonana na meneja."

"Meneja hayupo."

"Hayupo vipi, na nimemwona..."

Aligeuka. Kiti cha meneja kilikuwa kitupu. Ndani ya kioo alibaki Pamba peke yake, na ufunguo haukuwa tena mezani.

*

Mlinzi alikuwa ameshughulika na mzee aliyekuwa akizozana na mashine ya namba. Mama Cherehani hakuomba ruhusa ya mtu. Aliingia, akaufunga mlango, akavuta kiti cha pili na kukikalia kwa uzito wake wote. Alikuwa ametarajia kitakuwa kitamu. Kilikuwa cha baridi, na kilipiga kelele chini yake.

"Ufunguo wangu uko wapi?"

"Mama..."

"Usiniite mama. Mwizi haniiti mama."

Macho ya Pamba yakajaa machozi, naye akayazuia yasiharibu wanja. "Sikuuiba. Ulinipa mwenyewe, ulipougua, nikawa nafungua mimi asubuhi. Umesahau? Uliufunga uzi ili nisiuchanganye na wa nyumbani kwetu."

"Na ulipoondoka kwenda kufungua duka lako la nguo lenye vioo, kwa nini hukurudisha?"

"Hukuniomba." Pamba alikivuta kikombe, akakiacha. "Nikasema, asiponiomba, basi bado mimi ni wake kidogo."

Neno hilo lilimkuta Mama Cherehani hajajiandaa. Akachukua jibu lililokuwa karibu.

"Haya, furahi. Una kiti, una chai. Mimi nimeambiwa nikaoteshe dole."

"Chai?" Pamba alicheka kicheko kisicho na raha. "Mama, unajua hiki ni kikombe cha ngapi? Tangu wafungue mlango niko hapa. Kila nikiuliza mkopo umefika wapi, wananiongezea chai. 'Subiri kidogo, wewe ni mteja wetu maalumu.' Haja imenibana tangu saa nne, naogopa kutoka nisije nikakuta kiti kimepata mwingine. Wewe pale nje una namba angalau. Mimi hata namba sina!"

Mama Cherehani aliipapasa ngozi ya kiti. Siku nzima alikuwa amekonda kwa wivu juu ya kiti hiki, kumbe kilikuwa foleni nyingine tu, iliyotandikwa ngozi.

"Dole lako linasomeka?" aliuliza, kwa sauti iliyoshuka.

Pamba alilitazama dole lake, kisha akalificha kwenye mkunjo wa gauni. "Linasomeka. Siku hizi wanashona vijana. Mimi ninapokea wateja tu."

"Ninawaona. Wanavyomiminika kwako nawaona, kutoka dirishani kwangu."

"Na wakivaa nguo zangu wakapita sokoni, unajua wanaambiwaje? 'Mshono wa Mama Cherehani huu!' Wangu mimi! Nimelipa kibao kikubwa chenye taa, na bado ni mshono wako." Pamba alipenga kamasi. "Nilidhani nikikipata kile chumba, watasema jina langu."

Walikaa hivyo, wenye wivu wawili, kila mmoja ameshikwa na aibu ya mwenzake.

"Ufunguo," alisema Mama Cherehani tena, taratibu safari hii.

"Ameuchukua meneja. Alisema mkopo hauwezi kupita mpaka chumba kikaguliwe."

"Ameondoka nao lini?"

"Sasa hivi, ulipokuwa dirishani."

"Meneja mzima anakwenda kukagua chumba cha kushonea? Mwenyewe, kwa miguu yake?"

"Nami niliona ajabu."

"Nani alimwambia kwamba kinauzwa?"

"Mimi. Kwani ningeombaje mkopo?"

Mama Cherehani aliinuka kitini. "Nami nilimwambia. Siku nilipokuja kuuliza utaratibu. Akaniuliza kipo mtaa gani, kina ukubwa gani, mwenye nyumba ana haraka kiasi gani. Nikasema, leo benki imenikumbuka, inanijali. Nikamweleza kila kitu."

Walitazamana. Mmoja alikuwa amezuiwa kwa dole, mwingine kwa chai. Na saa kumi ilikuwa inakaribia.

"Vua viatu," alisema Mama Cherehani.

"Nini?"

"Hivyo visigino havijui kukimbia. Vua, twende!"

Mlangoni mlinzi alinyoosha mkono. "Mama! Mbona unaondoka? Kachukue namba nyingine, watakuhudumia tu!"

Mama Cherehani alisimama. Alikitazama kile chumba cha kioo palipokuwa zamani na dirisha la mwisho, akakitia kikaratasi chake kilicholowa kwenye kiganja cha mlinzi, na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Mwambie yule binti wa dirishani kwamba dole langu likipona nitarudi mara moja tu. Kuchukua kilicho changu. Na asihangaike kunipa kiti, nitasimama."

*

Walikimbia, msomaji! Mwanamke wa makamo mbele, amekusanya nguo mkononi, na nyuma yake bibi mrembo wa gauni la kijani, viatu kifuani, akiwapigia watu kelele wapishe. Fundi baiskeli aliacha gurudumu likazunguka peke yake. Wapangaji wa ghorofani walitoka barazani. Watu waliojua uadui wao walidhani mmoja anamfukuza mwenzake, wakaanza kubishana nani atamkamata nani.

Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi.

Ndani, nyuma ya cherehani kongwe, kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia bila ruhusa, alikaa muuza mkaa.

"Karibuni," alisema.

Mama Cherehani alishika fremu ya mlango akihema. "Wifi! Afadhali ni wewe. Meneja amefika hapa? Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Meneja sijamwona. Mwenye nyumba amekwenda kufunga mizigo. Mzee amefurahi, amenibariki mpaka nikaona haya."

"Amekubariki kwa lipi?"

Muuza mkaa alifungua kiganja chake cheusi. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa mwenye nyumba.

"Funga mlango, wifi. Nina neno."

Mama Cherehani aliufunga mlango pasipo kujua kwamba anaufunga, kitasa kikajifunga chenyewe.

"Nimelipa mkononi. Fedha za mkaa, zina vumbi, lakini mzee hakuziuliza zina dole la nani."

"Umeninunulia?" Uso wa Mama Cherehani ulianza kung'aa. "Wifi, umeninunulia chumba?"

"Nimenunua," alisema muuza mkaa. "Sikusema nimekununulia."

Pamba alividondosha viatu.

"Unakumbuka, wifi, enzi zako na Mzee Wino?" Sauti ya muuza mkaa ilikuwa ya upole, na upole ule haukuwa wa kawaida yake. "Nilikuwa nakusindikiza hata zamani zile. Wewe unaingia, unavutiwa kiti, unafutwa kidole. Mimi nabaki nje na furushi lako la vitambaa, kwa sababu mlinzi alisema nitachafua sakafu. Hukuwahi kugeuka ukasema, huyu ni wifi yangu, mpisheni. Hata siku moja. Unatoka unang'aa, unanisimulia kiti kilivyo laini. Nami nasema, hongera, wifi." Akaupapasa mguu wa cherehani. "Leo nimekuona ukimwangalia Pamba kupitia kile kioo. Nikasema, loo, kumbe naye anakijua. Mimi nimeutazama mlango ule hivyo hivyo tangu ujana wangu."

Mama Cherehani aliinamisha uso. Kila neno lilikuwa kweli.

"Sasa chumba kina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi," muuza mkaa aliendelea. "Mpangaji ni mmoja. Mko wawili. Haya, nishawishini. Nina subira. Chai tu ndiyo sina."

"Mimi nitalipa kodi mara mbili ya..." Pamba alianza.

"Nyamaza!" Mama Cherehani alimshika mkono. "Sikilizeni."

Nje, kwenye mlango uliofungwa, kitu kilikuwa kikikwaruza. Wote watatu waliugeukia. Ufunguo uliingia kwenye kitasa, ukasita, ukazunguka. Ncha ya uzi mwekundu ilichungulia kwenye ufa.

Mlango ukafunguliwa. Meneja aliingia kinyumenyume, suti yake ina vumbi begani, akivuta futi ya kupimia kuelekea ndani.

"Ukuta huu tunauvunja," alikuwa akimwambia mtu aliyebaki nje na ncha ya pili. "Hapa tunaweka kioo. Akifika huyo mzee tunamlipa, kabla hawajamaliza kusubiri kule..."

Akageuka. Akawaona. Futi ikamponyoka.

Kisha Mama Cherehani alipiga hatua moja, akajiweka sawa nguo begani, na kutabasamu kwa meno peke yake.

"Bwana meneja," alisema, "una namba?"

Muuza mkaa alipasuka kicheko, na Pamba naye, machozi na wanja vikimtiririka. Kwa mara ya kwanza siku ile Mama Cherehani aliusikia ule wivu ukimlegea kifuani.

Ndipo mtu aliyekuwa nje, mwenye ncha ya pili ya futi, akainamisha kichwa chenye mvi na kuingia. Alikuwa mzee, amevaa shati lililopigwa pasi kwa uangalifu. Akamwona aliyesimama mbele yake. Ile ncha ilimtoka mkononi, mkono wenyewe ukaenda, kwa mazoea tu, mfukoni, na kutoka na kitambaa kidogo safi.

Na midomo yake ikasema, kabla hajaweza kuizuia:

"Karibu kiti, Mama Cherehani."